Usimchemshe Baba Yako

Nakumbuka asubuhi moja ya masika kule Ntalikwa, nikiwa msichana mwenye kichwa cha moto. Nilikuwa nimefunga nguo zangu kwenye khanga, nataka kupanda treni kwenda Kaliua kwa kijana niliyempenda. Yeye Mmoravian, sisi Wakatoliki, na baba alikuwa amekataa katakata. Nilimjibu kwa ukali, naye akaacha kuzungumza nami.

Baba mdogo, mwalimu wa biolojia mjini, alinikuta shambani nimekalia gogo la mti wa mtundu lililooza, nalia. Hata kumwamkia sidhani kama nilimwamkia. Alibandua kipande cha gogo, kikachambuka mkononi mwake kama sufi, cheupe, kina unyevu.

"Mti huu ulimshinda babu yako na shoka lake," aliniambia. "Uyoga uliouozesha hauna meno, mama. Unatoa vimeng'enya, kama vile vinavyosaga chakula tumboni mwako, ila wenyewe unavimwaga nje ya mwili. Vinalegeza kile kigumu kinachoshikanisha nyuzi za mti, ndipo unafyonza. Lakini vinataka unyevu na joto la kiasi. Gogo likikauka, kazi inasimama. Ukivichemsha, vinaharibika."

"Sasa baba mdogo, mimi na uyoga wapi na wapi?"

"Usimchemshe kaka yangu."

Nilicheka huku machozi yakinitoka, nikarudisha nguo ndani.

Mwanangu, mchumba wangu sikumwacha. Nilichoacha ni ukali. Kila jioni nilimpelekea baba maji ya kuoga na shikamoo yake, hata alipoitikia kwa kuguna. Wahenga walisema chovya-chovya humaliza buyu la asali. Siku moja tulipokuwa tukichuma tumbaku, baba aliniuliza bila kunitazama, "Huyo kijana wako, kulima anajua?"

"Anajua, baba."

"Basi aje. Aje na wazee wake."

Siku ya harusi alinishika mkono mpaka mlangoni mwa kanisa.

Kwa hiyo mwanangu, ukikosana na mzazi, usikimbie wala usifoke. Shikilia unalolitaka, ila liseme kwa upole, na heshima yako isipungue hata siku anapokununia. Upole si kushindwa. Nenda, Mungu akujalie ulimi mtamu na moyo usiochoka, na wale unaowapenda wakufungulie mlango wangali hai.