Nyusi za Rogath

Lori la ndizi lilipopinduka kwenye njia ya Kahe, lilimwachia Rogath macho, nyusi na akili yake. Sauti ilikwenda, mikono na miguu ikalala. Kwa mila ya ukoo wao huko Uru, kitindamimba kama yeye ndiye mrithi wa kihamba cha baba, yaani shamba la migomba na nyumba iliyomo. Lakini mila hiyohiyo humhesabu anayenyamaza kikaoni kuwa amekubali.

Krismasi ya mwaka 2006, kaka yake Primus alirudi kutoka Dar, akaitisha kikao. Alitaka kihamba kiwe chake, na Rogath apelekwe kulelewa na watawa.

Dada yao, Salvina, akaleta kompyuta iliyounganishwa na betri ya gari. Simran, binti wa fundi redio Mhindi wa mjini, alikuwa amebandika kidude juu ya jicho la Rogath. Herufi zilipita kwenye kioo moja moja. Akiinua nyusi, ile inayowaka inabaki. Wazee wakanong'ona. Walikuwa wamesikia redioni kwamba Marekani mtu aliyepooza ametiwa kifaa ubongoni, akaendesha kompyuta kwa mawazo.

"Na huyu ametiwa," alisema Primus. "Kinachosema ni mashine ya Mhindi. Au ni Salvina."

Baba mkubwa Wenseslaus, mwenye kauli ya mwisho, akapapasa kichwa cha Rogath kama anayetafuta kupe. Hakupata kovu. Hata hivyo akawatoa nje Salvina na Simran, akaketi kando ya kitanda.

"Siku tuliyopanda masale ya mpaka wa juu tulikuwa watatu: marehemu baba yako, wewe na mimi. Aliniambia nini?"

Taa ya betri ilikuwa imegeuka nyekundu. Jasho likamtoka Rogath, kidude kikateleza. Wenseslaus akakirudisha kwa kidole gumba. Herufi zikajipanga polepole: ALISEMA MBEGE IMEPINDISHA MSTARI WAKO.

Wazee, wanaoijua vyema pombe ile ya ndizi, wakacheka. Wenseslaus hakucheka.

"Ni yeye," alisema. "Haya, baba, sema lako. Kihamba?"

N ikabaki. Kisha A. Kisha B. Kioo kikazima.

"Hajamaliza," Primus akasema upesi.

Wenseslaus akainama hadi uso wake ukakaribia wa Rogath, akaanza kutaja herufi kwa mdomo, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwenye A nyusi zikainuka. Akaanza upya, zikainuka kwenye K. Akaanza tena. Kwenye I zikainuka, zikabaki juu.

"Nabaki," ukoo ukasema kwa pamoja, na Primus akajikuta amesema nao.