Rangi Iliyokataa Kukauka

Baba alinipigia simu Jumatatu, na neno lake la kwanza, kabla hata ya salamu, lilikuwa, "Rola."

Mimi ni fundi wa rangi mjini Kitui. Napaka maduka, hoteli na madarasa, na mara moja nilipaka kanisa zima ndani na nje, lakini gari sikuwa nimewahi kuligusa. Nilimwambia hivyo. Akacheka kile kicheko chake cha dereva wa lori.

"Gari ni ukuta iko na magurudumu," akasema. "Kuja na rola tatu za sponji. Wageni wanafika Jumamosi."

Wageni walikuwa watu wa Mwingi, waliomtaka dadangu mdogo. Walikuwa wanaleta ntheo, wale mbuzi ambao bila wao, kwetu Wakamba, hakuna mwanamume anayehesabika kuwa ameoa. Baba aliwahi kuendesha lori la mifugo kutoka Mwingi hadi Nairobi kwa miaka mingi, na wafanyabiashara wa mbuzi kule walimjua kwa lori lake lililong'aa kuliko mengine yote. Sasa alikuwa na gari dogo kuukuu ambalo rangi yake ilikuwa imebanduka kwenye boneti na paa, mpaka likawa na mabaka kama mtoto mwenye mashilingi kichwani. Gereji ya kupuliza rangi hatungeiweza. Na yeye hangekubali kupokea watu wa Mwingi akiwa amesimama kando ya kitu kile.

Ningeweza kukataa. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona kama rola inaweza kupaka gari likapendeza, na watu waulize ni kazi ya nani. Ukaidi wangu sikuuokota njiani.

Nilifika nyumbani Nunguni Jumanne adhuhuri. Ukitoka kwenye jua la Kitui ukapanda ile milima, unaingia Julai nyingine kabisa. Ukungu ulikuwa umelalia mahindi, nguo zilikuwa na siku tatu kwenye kamba, na mama alikuwa amevaa sweta mbili. Hapo ndipo ningefungua macho. Badala yake nilikuwa nawaza vumbi.

Vumbi ndilo adui wa fundi wa Kitui. Ukipaka mlango rangi ya mafuta na upepo ukapita mara moja tu, mlango unageuka msasa. Kwa hiyo tuna desturi yetu: kabla ya kupaka unafunga madirisha, unalowesha gunia na kulisukuma chini ya mlango mpaka asipenye hata siafu. Nimefanya hivyo miaka mingi kiasi kwamba siwazi tena. Mguu unasukuma wenyewe.

Baba alikuwa ameliingiza gari kwenye stoo yake ya mawe, ile ya mahindi na maharagwe, yenye mlango mpana wa mabati na dirisha moja dogo. Alikuwa amelipandisha juu ya mawe na kung'oa magurudumu ili nifikie vizuri pembeni. Tulipiga msasa alasiri yote, tukabandika magazeti kwenye vioo. Nikachanganya rangi na thina hadi ikawa nyepesi kama maziwa. Ilikuwa buluu nzito, rangi ya lori lake la zamani. Nilipaka mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, kabla ya giza, nikafunga dirisha, nikasukuma gunia langu chini ya mlango.

Kitui, mkono wa kwanza hukauka ukinywa chai. Jumatano asubuhi niligusa boneti, kidole kikaacha alama. Saa sita, alama. Saa kumi, alama bado. Rangi ilikuwa inatokwa na jasho. Nilihitaji mikono minne, na Jumamosi ilikuwa inakuja.

Alhamisi baba alitoka jikoni amebeba jiko la makaa kwa vipini, makaa yamekolea. "Hii baridi ni ya kukaushwa," akasema.

Nilikuwa na akili ya kuogopa, na hilo hunichoma mpaka leo. Niliogopa moto. Nilimsimamisha mlangoni, nikatoa mikebe yote ya thina, matambara, hata magazeti ya akiba, nikavipeleka mbali chini ya mparachichi. Nikakagua mara mbili. Nilijiona fundi mwerevu sana. Ndipo nikamwachia aingize jiko, na baadaye jiko la pili.

Rangi ilikauka. Nikapaka mkono wa pili, na saa nane ulikuwa tayari kwa msasa, na sote tulifurahi. Nilipaka wa tatu kichwa kikinigonga, nikasema ni thina. Baba naye alitapika nyuma ya stoo, akasema ni maharagwe ya jana.

Jioni mama akamkuta kuku. Alikuwa ameatamia mayai kwenye kona ya stoo, nyuma ya magunia, na hakuna aliyekumbuka kumwondoa. Alikuwa amekaa vilevile juu ya mayai yake, mabawa yamekunjwa, mfu. Mama alimleta uani amemshika kwa miguu.

"Ni kideri," baba akasema.

"Kideri huanzia kwa huyu pekee yake? Wengine si hawa wanakula?" Mama alimlaza chini, akamtazama. "Baba wa watoto, hiyo nyumba iko na kitu. Wacheni mlango wazi."

"Nikifungua, ukungu inaingia, kazi yote inaharibika."

"Basi wacha iharibike."

"Wewe unataka nikutwe na watu wa Mwingi nikiwa hivi?"

Mama akageuka kwangu. "Na wewe mwenye kazi, unasemaje?"

Nilisema ni thina. Nilisema ndege wana mapafu madogo. Sijui niliyatoa wapi maneno hayo, lakini niliyasema kwa sauti ya mtu anayejua, na baba akaitikia kwa kichwa kama aliyeshinda kesi.

"Haya," mama akasema. "Sikio la kufa halisikii dawa." Akaenda kumzika kuku, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Kuku wetu waliokufa walitupiwa mbwa.

Ijumaa saa tatu nilimaliza mkono wa nne. Sijisifu, lakini lilikuwa zuri. Ungesimama kando ya mlango wa dereva ukajiona uso. Baba aliingia na kigoda chake cha miguu mitatu, akasema anataka kukaa kidogo alitazame, ageuze na makaa.

"Nau, baba yangu, usikae sana," nikamwambia.

"Dakika mbili. Funga, mwanangu, kusiingie kitu."

Nikavuta mlango. Gunia lilikuwa limesogea alipopita. Nililisukuma kwa mguu likarudi mahali pake, likabana vizuri, nikaenda jikoni kumsaidia mama kuchambua mchele wa wageni.

Tulichambua mchele wote. Tulizungumza habari za vyombo, na ni nani atakayeazima viti kanisani. Kisha mama akanyanyua uso. "Baba yako ako wapi?"

Nilikimbia. Mlango ulikuwa mzito kwa lile gunia, ikabidi niusukume kwa bega. Alikuwa ameteremka kutoka kwenye kigoda, ameegemea magunia ya maharagwe, mkono mmoja umefunguka juu ya paja. Alionekana kama mtu anayepumzika. Gari liling'aa mbele yake, na makaa yalikuwa mekundu, bila moshi hata kidogo. Nilimwita, hakuitika. Mama na mimi tulimvuta kwa makwapa hadi kwenye ukungu, na ukungu ule niliokuwa nimeuzuia siku tatu ndio uliomgusa uso akavuta pumzi moja yenye sauti mbaya.

Nakumbuka nilivyosimama kama mwendawazimu katikati ya ua. Tulikuwa na gari, na gari lenyewe lilikuwa juu ya mawe, halina gurudumu hata moja, limefungwa magazeti usoni. Jirani mwenye pikapu ndiye aliyempeleka hospitali, nami nyuma nimemkumbatia.

Daktari alieleza. Makaa yakiwaka mahali palipofungwa hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala bila kujua analala. Akauliza kama palikuwa na mwanya wowote, hata chini ya mlango. Nilisema sijui.

Watu wa Mwingi walifika Jumamosi na mbuzi wao, na kaka yake baba akawapokea. Niliambiwa walilizunguka gari lile na kulisifu.

Baba alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Anatembea, anakula, anaimba nyimbo za kanisani bila kukosea ubeti. Lakini jambo jipya halikai kichwani. Kila nikienda Nunguni tunatoka naye hadi kwenye gari, anapitisha kiganja kwenye boneti na kuuliza, "Hii kazi ni ya nani? Huyu fundi anajua." Namwambia ni mimi. Anashangaa na kufurahi, kila mara upya.

Kisha namwambia kuhusu gunia. Nilianza siku moja nikashindwa kuacha. Namweleza yote, jiko, kuku, mguu wangu. Hunisikiliza mpaka mwisho, akanishika bega. "Ulikuwa unazuia vumbi, mwanangu," husema. "Usilie." Nami huhisi mzigo umeshuka. Ifikapo chai ya saa kumi ananiuliza kwa nini macho yangu ni mekundu.

Gunia lenyewe mama alilifua, akalikausha, akalitia maharagwe. Ndiye aliyeurudia mlango siku ile mimi na baba tulipoondoka na pikapu, akaliokota, na kila nikiaga kurudi Kitui ananichotea maharagwe kutoka humo. Hajaniuliza kitu. Mama hasahau jambo, na yeye sijamwambia.