Chupa Iliyokutwa Uvunguni kwa Shangazi Ni Yangu

Habari zenu nyote mnaopita kwenye ukurasa huu. Nimeomba jina langu lifichwe, maana huku kwetu milimani mtu akipiga chafya Soni, Lushoto wanampa pole. Nina miaka arobaini na tatu, nina mke na watoto watatu, na ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri. Kazi yangu ni upishi kwenye loji ya wageni. Wengine kisa hiki kitawachekesha. Chekeni tu, ila mkimaliza mnisaidie, kwa sababu mimi usingizi umenikimbia.

Bosi wetu alianza kutengeneza bia yake mwenyewe nyuma ya jiko, bia nyekundu yenye rangi ya chai ya rangi. Ndani yake anatia maua makavu yanaitwa hopsi, ndiyo yanayoleta uchungu. Siku moja akanipa kijiko, akasema, "Wewe ndiye mwenye ulimi hapa. Onja uniambie ukweli." Nikamkumbusha kuwa mimi ni mzee wa kanisa na pombe nimeapa kutoigusa. Akanijibu, "Sijakwambia unywe, nimesema uonje. Kwani mchuzi huuonji?" Jibu lile lilinifaa, nikalikubali upesi mno. Kwanza ilikuja harufu ya ganda la chungwa, kisha utamu mdogo wa sukari guru iliyoungua, halafu uchungu ukanishika nyuma ya ulimi ukakataa kutoka. Niliipenda. Sitawadanganya, niliipenda sana, na kijiko kikawa kikombe kila pipa jipya lilipokuwa tayari.

Ulimi huo nimeurithi kwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki. Alikuwa mpika boha, ile pombe yetu ya miwa, na boha ndiyo iliyonisomesha. Kwa sababu hiyo usharika ulimtenga, akakaa miaka mingi bila kukaribia Meza ya Bwana. Uzeeni akaacha kupika, akasimama mbele ya watu akatubu, akapokelewa. Siku ile nililia kwa furaha kuliko yeye.

Basi mimi, na akili zangu timamu, nikambebea chupa ya bia nyekundu. Nilitamani mtu wa kuzungumza naye habari za ule uchungu, na sikuwa na mwingine. Akaitazama, akasema, "Mwanangu, mimi nimeacha." Nikamwambia, "Si kunywa, shangazi, ni kuonja tu." Maneno ya bosi niliyatoa kama yangu. Akacheka, lakini akashika mila. Kwetu anayeleta pombe ndiye anayeanza, ili anayepewa ajue hajatiliwa kitu. Nikapiga funda mbele yake, naye akapiga lake, akafumba macho. "Chungu," akasema, "lakini vedi. Ni nzuri." Tuliongea mpaka ukungu ukashuka, na nilipoondoka nikamwachia nusu iliyobaki.

Wiki ileile kifua kikambana. Kina mama wa kanisa wakaenda kumwombea na kumfagilia nyumba, wakaikuta ile chupa uvunguni, imefungwa kwenye khanga. Ikaletwa kwenye baraza la wazee, ikawekwa mezani mbele yangu. Shangazi akaitwa. Mchungaji akamwuliza kwa upole, "Bibi, hii umeipata wapi?"

"Ni yangu," akasema.

"Nani alikupa?"

"Nimesema ni yangu, mchungaji."

Aliwatazama wazee wote isipokuwa mimi. Wakamwomba asubiri nje. Mzee mmoja akasema mazoea yana taabu, mwingine akasema huruma ikizidi watu watafanya mchezo. Ikaamuliwa kwa kunyoosha mikono kwamba atengwe tena. Na wangu ulinyooka. Hakuna aliyenilazimisha. Niliogopa kubaki peke yangu nikaulizwa sababu.

Kisha wakanituma mimi, kwa kuwa ni mtoto wake, nikampe habari. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi. Nikamwamkia shikamoo kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana, akaitikia marahaba, akanishika mkono. "Usiseme kitu," akaniambia. "Mtoto wako anapata kipaimara. Baba yake akitengwa, nani atasimama naye? Mimi kukaa benchi la nyuma nimeshazoea." Nilitaka anitukane. Angenitukana ningepata nafuu.

Kipaimara ni Jumapili ya wiki ijayo. Binti yangu amejifunza mistari yake jikoni kwa shangazi, ambaye yeye humwita bibi, na tangu mwanzo alisema atakayepiga magoti kando yake siku ya kwanza ya Meza ya Bwana ni bibi. Jana aliniuliza mbele ya mama yake, "Baba, si wewe ni mzee wa kanisa? Waambie bibi hanywi, watakusikiliza." Mke wangu naye akasema, "Kweli, baba, wewe ukisema wataamini." Hawajui kitu. Nikawaambia nitaona, nikatoka nikaenda kukata majani ya ng'ombe ambayo yalikuwa tayari yamekatwa.

Ndugu zangu, nikijitaja, nitatengwa, na binti yangu atasimama siku yake bila baba, huku usharika mzima ukimnyooshea kidole. Nikinyamaza, atapiga magoti bila bibi kando yake, na bibi huyo atamwangalia kutoka benchi la nyuma kwa kosa langu. Shangazi mwenyewe ameniamuru ninyamaze, na mimi sijawahi kumkatalia jambo. Nipeni ushauri, nifanye nini? Ila msiniambie niombe tu. Nimeomba, na kila nikisema amina nakuta chupa bado ni yangu na anayelipa bado ni yeye.