Pamba Safi, Pamba Fifi

Pamba iliyoshinda juani ina harufu yake: vumbi, mafuta ya mbegu, na kitu kama nguo mpya. Harufu hiyo ilijaa uani kwetu Mwamapalala msimu ule niliporudishiwa karatasi ya mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Nilikuwa nimefeli Baiolojia. Nilitaka sana kwenda kidato cha tano kusoma sayansi, na bila Baiolojia safari yangu ingeishia pale. Mama, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, alikuwa kwenye turubai akichambua pamba: safi kulia, na ile chafu yenye madoa, tunayoiita fifi, kushoto. Akaniambia nilete daftari, nikae, nimfundishe.

Nilicheka kimoyomoyo. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, lakini mama hakuwa na habari na wahenga. Nikamwaga osmosisi yote kwa Kiingereza, bila kupumua. "Kwa Kisukuma," akasema. Nikababaika. Akatupa fungu la pamba kushoto. "Hiyo fifi, mwanangu. Rudia."

Siku ya tatu niliweza kumwambia kwamba maji hupenya ngozi nyembamba, yakitoka yaliko mengi kwenda yaliko machache. Mama akaacha kuchambua. "Nani anayaambia yaende huko?" Nikapekua daftari. Mara akafurahi: kumbe ni kama michembe! Vile viazi vitamu tunavyovikata na kuvikausha, ukivipika si hunywa maji vikavimba? Kesho yake nikampelekea mwalimu mfano huo, kichwa juu. Mwalimu akacheka mpaka akafuta machozi. Michembe imekufa zamani, akasema, seli zake haziko hai, na kunywa kwake maji ni jambo jingine. Nilirudi nimenuna, nikamwonea mama hasira, na hasira hiyo inanitia aibu mpaka leo. Yeye wala hakujali. "Kumbe aliye hai na aliyekufa hawanywi sawa! Basi leta kiazi kibichi." Tukakata vipande, vingine tukavitia kwenye maji ya chumvi, vingine kwenye maji matupu. Jioni akavibonyeza kimoja kimoja: vya chumvi vimelegea, vya maji matupu vimekaza. Nikamweleza sababu kwa maneno ya nyumbani: maji yamekikimbia kiazi kufuata chumvi. Fungu la pamba likaenda kulia.

Kwenye mtihani wenyewe osmosisi haikutoka kabisa. Lakini nilikuwa nimeshazoea kuuliza kwa nini, nikafaulu.

Sasa naishi Bariadi mjini, na binti yangu yuko kidato cha nne. Ana tuisheni, ana simu yenye video za kila mada. Sisi tulikuwa na daftari moja na turubai. Juzi alinitajia osmosisi kwa Kiingereza kizuri kuliko changu. Nikamuuliza kwa nini maji yaende huko. "Mama, hilo haliji kwenye mtihani." Niliumia. Nikampigia simu bibi yake, nikaweka spika ili sote tusikie. Kisukuma binti yangu hakijui, kwa hiyo alimweleza bibi kwa Kiswahili, haraka haraka, kama anayekimbiza basi.

"Fifi, mjukuu wangu," mama akasema kwa lafudhi yake ya Kisukuma. "Ludia."

Binti yangu, aliyekua akisikia hadithi ya turubai lile, akaangalia simu, akaniangalia mimi. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kiazi.