Nilivyosoma Habari za Kongo Gwarideni

Siku ya kwanza kazini sauti ilinikimbia. Nilikuwa kidato cha pili, mtoto wa kutoka kijijini Malava ambaye hata chumvi mezani huomba kwa kidole, na Madam mlezi wa Klabu ya Habari alinisimamisha mbele ya gwaride la Ijumaa nisome. Nilisoma kama mtu anayeungama dhambi. Wa nyuma wakaniuliza kama nawasomea wao au kola ya shati langu. Madam hakunifukuza. Alisema sauti hufundishwa. Uongo ndio mgumu kumtoa mtu.

Ninyi wa kidato cha kwanza mnaorithi kazi hii, jueni tulivyoifanya. Habari tulizipata kwenye redio ya mpishi, jikoni, githeri ikichemka. Kila habari ilisomwa na chanzo chake, yaani mtu aliyeisema. Mimi nilipewa dawati la Kongo. Dawati lenyewe halikuwepo. Maana yake ni kwamba vita vya mashariki mwa Kongo vilikuwa vyangu na hakuna mwingine angevigusa. Madam alituonya kuhusu mikataba ya amani. Msiishie kwa waliotia sahihi, alisema. Ulizeni watu wa pale wanalala wapi.

Swali hilo nililipeleka kwa Neema, mwenzangu wa darasa. Mama yake yuko huko. Likizo Neema hukaa na mjomba wake, muuza vitenge sokoni hapa mjini Kakamega, na humsikia mama kwa simu ya mjomba; muhula ukianza, humsikia kwa simu ya mpishi. Ndipo nikawa najua: wiki hii msituni, ile nyingine kwa jirani, halafu nyumbani kidogo, halafu msituni tena.

Muhula uliopita redio ikatangaza mkataba mpya. Madam alikuwa likizo ya uzazi, na klabu ilishikwa na Naibu Mwalimu Mkuu. Siku ya kufunga shule, wazazi wakiwa wamealikwa gwarideni, aliniletea habari aliyoiandika mwenyewe: vita vimeisha Kongo, waliokimbia warudi makwao. Alisema wageni wamechoka kusikia habari za maiti.

Neema aliisoma akichungulia begani kwangu, akakaa chini. Mjomba alikuwa ameapa kwamba siku atakayosikia vita vimeisha, atampakia basi arudi kwao. Na mjomba alikuwa ameshafika getini.

"Mama angali analala kanisani," akaniambia. "Alisema jana. Iseme tu, ila usitaje jina."

Nikamwendea Naibu, nikamwomba nibadilishe mstari mmoja.

"Nafula, wewe hata darasani huongeangi," akasema. "Leo ndio umepata mdomo? Soma vile imeandikwa."

Nilipanda jukwaani. "Redio imesema viongozi wametia sahihi mkataba," nikasoma. "Mama mmoja wa huko amemwambia binti yake jana kwamba bado analala kanisani na majirani, kwa sababu ya risasi."

Sauti ilikuwa ndogo. Wa nyuma hawakusikia. Nikarudia yote toka mwanzo.

Nilipokuwa nikishuka, Naibu aliniambia kwa upole wa kutisha, "Basi wewe umestaafu." Nina miaka kumi na saba.

Mjomba alipita katikati ya wazazi mpaka aliposimama Neema. Nilidhani atamgombeza.

"Kanisa gani?" akamuuliza.

Neema akamtajia. Mjomba akavua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. Kisha yeye mwenyewe akabeba sanduku la Neema, wakashuka kwa miguu kuelekea sokoni. Stendi ya mabasi iko upande ule mwingine.

Naibu hajanirudisha kazini, wala sijaomba. Namsalimia kila asubuhi, naye huitikia akitazama bendera. Bado naona haya kuuliza swali darasani. Kustaafu hakuponyi hilo. Lakini mkiambiwa Nafula alikuwa mkaidi, msibishe. Neema amefungua shule pamoja nasi.