Mafua ya Bi Pazia

Mtaani kwao walimjua kwa mambo mawili, mapazia na mafua. Mapazia aliyashona mwenyewe, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Alikuwa akiingia nyumbani kwako na utepe wa kupimia shingoni, anatazama dirisha mara moja, utadhani wamezaliwa pamoja. Ndiyo maana wakamwita Bi Pazia. Mafua nayo aliyatengeneza mwenyewe vilevile, ila hilo halikujulikana, na ndilo ninalotaka kulisimulia.

Kabla ya mafua kulikuwa na pombe, na hapo sitazunguka. Bi Pazia alikunywa. Si kule kuonja kidogo kwenye sherehe ukarudi nyumbani unacheka. Alikunywa mpaka mashine ya kushonea ikauzwa, ikakombolewa, ikauzwa tena. Mumewe alivumilia weee, mwisho akafunga virago. Akabaki binti mmoja, ambaye majirani walimlea zaidi kuliko mama yake. Watu walisema huyu hataacha mpaka kaburini. Aliacha. Aliingia kliniki akitetemeka, akatoka amekonda, na tangu hapo hata keki akiambiwa ina harufu ya kileo haigusi. Waliomcheka wakamvulia kofia.

Lakini usingizi nao ulikuwa umezoea kuletwa na chupa, na chupa ilipoondoka ukaondoka nayo. Muuguzi wa kliniki alimwonya kuhusu hilo, yeye akaitikia tu ili aruhusiwe kwenda nyumbani. Sasa akawa analala macho makavu, anamsikiliza jirani akikoroma ng'ambo ya ukuta, anamwonea wivu mpaka anamchukia. Asubuhi aliinuka amechoka kuliko alivyolala. Na asiyelala huwaza kile kilichokuwa kikimlaza. Hapo aliogopa kweli.

Kisha akashikwa na mafua, ya kweli hayo, mara moja tu. Duka la dawa wakampa vidonge vile vya kumeza usiku, vinavyokausha pua na kulegeza mwili. Akameza, akalala fofofo mpaka jua likamkuta kitandani. Alipoamka alilia kwa raha. Mafua yaliisha baada ya siku chache, lakini vidonge hakuviacha.

Kilianza kimoja. Kilipozoeleka vikawa viwili, baadaye viwili na dawa ya kikohozi ya kusukumia. Alijiambia hii si pombe, inauzwa mchana kweupe, tena na mtu aliyevaa koti jeupe. Shida ni kwamba muuza dawa naye ana macho. Ikabidi Bi Pazia awe na maduka matatu, ayazungukie kwa zamu, vilevile alivyokuwa akizungukia baa ili asiwepo mtu mmoja anayejua kiasi chake chote. Aliliona lilivyofanana, akageuza uso. Na ili asishukiwe akajifunza kupiga chafya. Mtu mzima, mwenye mjukuu, anasimama mbele ya kioo anafanya mazoezi ya chafya.

Taabu ya mafua ya uongo ni kwamba watu wanakuhurumia. Binti yake, ambaye sasa alikuwa na mtoto wa miaka minne, alimletea tangawizi na asali. Akaleta ndimu. Mafua palepale. Mwisho akakata kauli kwamba ni vumbi la vitambaa, akanunua barakoa akaiweka juu ya mashine.

"Mama, uvae kila ukishona. Nisije nikakukuta huna."

Ungefanya nini? Bi Pazia akavaa. Mwanamke mzima wa afya, jasho linamtiririka, anashona mapazia ya watu huku amefunikwa pua kwa ajili ya ugonjwa ambao hana. Mtu akiuliza, binti ndiye anayejibu: "Mama vitambaa vinamdhuru, lakini kazi hataki kuacha." Alisema kwa fahari kabisa, na fahari hiyo ilimchoma mama yake kuliko matusi.

Maana fahari hiyo haikuja bure. Zamani, binti akiwa wa shule, alirudi nyumbani jioni akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Akabisha. Akaita. Akabisha kwa mikono miwili. Mama yake alikuwa humohumo ndani, chini ya meza ya kushonea, amelewa chakari, hasikii la huyu wala la yule. Mtoto alilala kibarazani na sare yake ya shule mpaka kukakucha. Hawakuwahi kulizungumza. Ila tangu siku ile binti habishi hodi kama watu wengine. Hata ukubwani, hata mlango ukiwa nusu wazi, anaupiga kwa ngumi, mpaka majirani wakawa wanatania, "Askari wako amefika, Bi Pazia." Alicheka pamoja nao. Moyoni alijua ngumi zile zilianza lini.

Dawa nazo zikaanza kudai chao. Asubuhi kichwa kilikuwa kizito kama kimejazwa pamba. Alimkatia mteja mmoja mapazia ya sebule yakaishia juu ya kizingiti cha dirisha, yananing'inia kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla, naye kwa uso mkavu akasema kitambaa kimeruka kwenye maji, kikawa kifupi. Halafu ikaja mvua. Ilinyesha usiku kucha, bati likavuja juu ya kitanda, na Bi Pazia akalala ndani ya maji. Aliamka upande mmoja wa godoro umelowa chapachapa, nywele zimelowa, shuka limemganda mwilini, na hakuwa amesikia hata tone. Aliligeuza kuwa kichekesho. "Mwenzenu nimeoga nikiwa usingizini," aliwaambia majirani, wakavunjika mbavu.

Jumapili moja ngumi zikapigwa mlangoni. Binti akaingia na mtoto, mkononi ana begi dogo.

"Mama, kaa kwanza."

Bi Pazia akakaa, roho juu.

"Nimepata kazi kiwanda cha mikate. Zamu ya usiku. Baba mtoto yuko safarini na lile lori lake, hajulikani anarudi lini. Wifi amesema atamchukua mtoto, nimemkatalia. Nimemwambia mtoto atalala kwa bibi yake."

Wifi huyo, dada wa mume, ndiye aliyekuwa akisema wazi kwamba yule mama asiachiwe mtoto hata dakika ya kuteka maji.

"Kwangu?" Bi Pazia aliuliza.

"Kwako. Kuanzia kesho." Binti alisema huku akimfunga mtoto kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. "Nimekuangalia muda mrefu, mama. Sina wasiwasi tena."

Walipoondoka begi likabaki kitandani, na Bi Pazia akalizunguka kama mtu aliyeletewa mgeni mkubwa. Furaha ilimjaa. Akavuta kipande cha kitambaa cha njano alichokuwa akikiweka akiba, akashona kipazia kidogo cha kuzungushia kona ya kitanda, chenye mikunjo minene kama ya nyumba za wakubwa. Alishona bila barakoa huku akiimba. Akakitundika. Kisha akatandika, akipanga nani alale wapi. Mtoto asilale chini ya lile bati bovu, alale huku, upande mkavu. Akageuza godoro, na doa la maji likajitokeza, pana, na kingo za rangi ya chai.

Alisimama na mto mkononi. Kama maji yaliyomdondokea mwenyewe usoni hayakumwamsha, sauti ya mtoto ingemwamsha vipi? Mtoto angeota vibaya, angeumwa tumbo, angeita bibi, bibi, na bibi angekuwa palepale ubavuni mwake, anapumua tu. Bi Pazia aliketi juu ya doa lile. Msichana wa sare alimjia akilini, na safari hii alikuwa na miaka minne.

Moyo ulimshawishi, tusidanganyane. Nyamaza, ulimwambia, mtoto wa umri ule akilala amelala. Au acha vidonge leoleo, nani atajua? Lakini kuacha ghafla alikuwa amekwisha jaribu mara nyingi, na kila mara kabla ya mapambazuko alijikuta amesimama jikoni anameza. Na akisema ukweli, mtoto ataenda kwa wifi, na ile "sina wasiwasi tena" pengine hataisikia maishani mwake. Alikaa mpaka chai yake ikapoa. Kisha akachukua begi na barakoa, akatoka.

Alimkuta binti akipiga pasi koti la kazi.

"Mama, mbona umerudisha begi?"

"Mimi sina mafua," alisema Bi Pazia.

"Umepona?"

"Sijawahi kuwa nayo. Ninakula vidonge vya mafua ili nilale. Tangu niache pombe. Nikishavimeza sisikii kitu, hata mvua. Mtoto hawezi kulala kwangu."

Binti alisimamisha pasi wimawima. Alitazama barakoa mkononi mwa mama yake.

"Na asali yote ile niliyokuletea?"

"Niliila."

"Nikazunguka mji mzima kutafuta barakoa isiyobana masikio." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililotisha. "Afadhali ungekuwa unakunywa, mama. Pombe naijua. Ningeisikia harufu nikajua pa kusimama. Sasa wewe umenikalia hapo unapiga chafya, na mimi nakusifia kwa watu."

Bi Pazia akamnyooshea begi. Binti alichukua begi, akalitundika nyuma ya mlango. Kisha, bila kugeuka, akauliza:

"Kwa nini umeniambia? Nisingejua."

"Kwa sababu siku ile ulibisha," alisema mama. "Ulibisha kwa mikono miwili. Jirani aliniambia. Na mimi nilikuwa ndani."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ilianza kupanda, maana koti la kazi lilikuwa limegusa pasi, na binti akalivuta haraka. Alama ilibaki kwenye mkono wa koti. Bi Pazia akaomba sindano na uzi, akatia kiraka kwa ndani, kazi safi isiyoonekana, akaaga. Binti alisema tu, "Haya, mama." Kesho yake mtoto akalala kwa wifi.

Bi Pazia alirudi kliniki ileile. Muuguzi aliyemtoa kwenye pombe alimsikiliza mpaka mwisho, hata hakushangaa. "Si wewe peke yako uliyepita njia hiyo," alisema. "Ila safari hii nikisema kitu usiniitikie ili uondoke." Akampangia apunguze taratibu, arudi kila wiki aonekane, aache kulala mchana, na usingizi ukigoma asibaki kitandani anagombana nao. Mwili utanuna, alimwambia, uache unune. Kutoka hapo akapita maduka yake matatu, moja baada ya jingine, kuwaambia wasimuuzie tena. Hilo lilimtoa jasho kuliko kliniki. Muuza dawa wa duka la pili alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mama yangu, chafya zako zilikuwa zinaanza ukifika kaunta. Nilikuwa natafuta namna ya kukuuliza nisikukosee heshima." Bi Pazia alicheka akiwa na machozi.

Nisiseme ilikuwa rahisi. Zilikuwepo siku alizoshona huku mikono inakataa, akamfokea mteja aliyeuliza tu bei ya ringi za kutundikia pazia, akakaa kwenye kiti usiku akipinda pindo zisizokuwa za mtu. Zilikuwepo siku alizoona hata pombe ilikuwa na huruma kuliko hiki. Mtoto aliletwa mchana mara kwa mara, na mletaji alikuwa wifi, anayesimama mlangoni haingii. Binti alipiga simu, salamu fupi, kama anazungumza na mtu wa ofisini. Bi Pazia alipokea zote. Usingizi ulianza kurudi vipandevipande, saa moja hapa, nusu saa pale, mwembamba, wa kuamshwa na paka.

Asubuhi moja, kabla jua halijatoka, mlango uligongwa. Si kwa ngumi. Ulikuwa mgongo wa kidole kimoja, polepole, mara mbili, namna mtu anavyobisha asiyetaka kusikika.

Bi Pazia akafungua. Binti yake alikuwa amesimama kibarazani na koti lake la kazi, ananuka mikate, nyusi zimepauka kwa unga. Mkono ulikuwa bado umeinuliwa. Alimtazama mama yake kwa muda, jinsi alivyosimama pale na kanga imefungwa upande, nywele zimelala upande mmoja.

"Ulikuwa umekaa macho," alisema binti.

"Nilikuwa nimelala."

Binti akanyoosha kidole akamgusa shavuni. Palikuwa na alama ya mshono wa mto, imebonyea kutoka sikioni mpaka karibu na mdomo, na bado ilikuwa na joto. Aliifuata kwa kidole kama anayesoma.

"Nimebisha kidogo tu, mama."

"Nimesikia."

Akaingia. Hakusema lolote kuhusu begi la mtoto, na mama yake hakuuliza. Alivua viatu, akajitupa kitandani upande mkavu, nyuma ya kipazia cha njano, na koti lake lote la unga. "Nipumzike kidogo," alisema, na kabla hajamaliza alikuwa amekwisha lala, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala utotoni.

Bi Pazia akavuta kipazia mwanga usimfikie. Mashine hakuigusa asubuhi ile. Mteja wa mapazia ya sebule alipofika, alimkuta ameketi kibarazani, akamwonyesha kwa ishara ya mkono kwamba asibishe, arudi mchana.