Achille na Poti Namba Tisa

Achille sikumpenda tangu siku ya kwanza, nasema kweli. Anaingia kwenye saluni yangu kumchukua mdogo wangu Peguy waende kazini, salamu yenyewe ya kuvutwa, macho yote kwenye simu. Miaka mingi aliuza chaja za simu pale soko la Warwick huku akijisomea kompyuta, mpaka kiwanda kimoja cha rangi kule mtaa wa viwanda wa Jacobs kikampa kazi ya kuangalia seva. Basi, akajiona. Peguy alikuwa chini yake, bado yuko kwenye majaribio.

Kazi yenyewe Peguy alinieleza nikiwa nasuka. Ndani ya seva moja ziko kompyuta nyingi zisizoshikika, na swichi ya kuziunganisha, nayo haishikiki. Kila kompyuta inakaa kwenye poti yake, na kila poti ina namba.

"Yaya, dada yangu, hakuna waya. Ni programu tu."

Nikamwambia mshahara nao usije ukawa wa namna hiyo.

Ijumaa moja Achille aliona moja ya kompyuta hizo, ile ya ofisi, iliyo kwenye poti namba tisa, inajaza mtandao na kuchelewesha wengine. Akapanga kuifunga Jumatatu. Jumamosi umeme ukakatika, Peguy akaenda kuziwasha kompyuta zote upya. Jumatatu Achille akafunga poti tisa, na mizani ya malori pale getini ikakatika mawasiliano. Malori yakajipanga mpaka barabarani.

Meneja akauliza nani aliyezigusa mwisho. Peguy akasema ni yeye, na aliamini kabisa kwamba alikosea kuziwasha. Akaambiwa aende nyumbani asubiri barua. Alikaa kwenye kiti cha wateja wangu, chai hakuigusa. Mshahara ule ndio ulikuwa unanunua dawa za mama kule kwetu Bukavu.

"Na Achille alisema nini?"

"Alinyamaza tu, anaangalia skrini."

Nilichemka. Nikamtukana Achille mbele ya wateja, wala sikuona haya.

Kesho yake akaja, akasimama mlangoni.

"Dada Colette, Peguy hakukosa. Ni miye."

"Umekosa nini?"

"Pale Warwick nafasi ni yako. Hata ukienda msibani wiki mbili, hakuna atakayetandika vitu vyake pale. Nikadhani poti nazo ziko vile. Kumbe kwenye swichi yetu kompyuta ikizimwa inaachia namba, ikiwashwa inapewa yoyote iliyo wazi. Tisa ya Ijumaa ilikuwa ya ofisi. Jumatatu imeshakuwa ya mizani. Nilipaswa kuangalia jina la kompyuta kwanza, sikuangalia."

Nikamtazama. Jambo hilo pale kiwandani alilijua yeye peke yake, na umeme ungekatika tena namba zingevurugika upya, kosa lake lisionekane kamwe.

"Meneja anajua?"

"Natoka kumwambia. Amesema Peguy arudi kesho."

"Na wewe?"

"Miye nisirudi."

Akaniomba nimnyoe, anakwenda kutafuta kazi. Nilimnyoa taratibu kuliko ninavyomnyoa mtu yeyote. Alipotoa hela nikakataa, tukabishana mpaka akaiacha juu ya meza na kutoka.

Siku hizi Peguy ndiye anayeangalia seva zile, mahali pa Achille. Ndugu wa Bukavu wananipigia simu kunipongeza, eti mdogo wangu amepanda cheo. Nasema asante, halafu najisikia vibaya mchana kutwa.